Kopa Nne za Baba

Mikono ya mama yangu ilinuka dawa ya kuoshea vidonda. Hata Jumapili, akiwa amevua sare ya hospitali na kujipaka mafuta, harufu ile ilimfuata hadi barazani, ikachanganyika na ya ndizi zilizokuwa zikiivia ghalani na ya udongo mwekundu uliolowa. Nilikuwa na miaka kumi. Tulikaa chini ya kilima cha Nyanchwa, sisi watu wa ziwani tulioletwa Kisii na kazi: baba alikuwa karani wa serikali, mama msaidizi wa wauguzi. Mwanzoni mwa miaka ya hamsini, masika fulani, mvua ilinyesha kila alasiri kama iliyoagizwa, na kila Jumapili karata zilichezwa barazani kwetu. Nasimulia habari za masika yale nikiwa bado na hasira, na sitaki kumdanganya msomaji kwamba imepoa.

Mchezo wenyewe ulikuwa briji, na mama ndiye aliyeuleta nyumbani. Muuguzi mmoja wa Kizungu, aliyekuwa akikosa mtu wa nne wa kucheza naye, alimfundisha, na alipohamishwa akamwachia karata zake zenye mgongo wa buluu. Mama akamfundisha baba. Lakini wageni walipokuja, baba aliwaambia kwamba alijifunza kwa mkubwa wake ofisini, na mama alimimina chai. Wageni walikuwa wawili: Mwalimu Ombati, mtu wa Gesima mwenye sauti ya chini, na mdogo wake Makori, muuza duka mjini. Wao kwao walisema Ekegusii, sisi Kijaluo, basi mezani tulikutana katika Kiswahili, kila mmoja akikivunja kwa namna yake.

Briji huchezwa wawili kwa wawili, wenzi wakitazamana. Kabla ya karata kutupwa kuna mnada: kila mmoja hutaja hesabu ya duru anazoahidi kula juu ya sita, na rangi anayotaka iwe turufu, ile inayokata nyingine zote; na kwa kutaja humweleza mwenzake alichoshika. Baba akifungua kwa uru, mama akajibu kopa, maana yake ana kopa nne au zaidi. Hapo neno la pili la baba ndilo lenye uzito. Akiwa naye ana kopa nne, yampasa amuunge mkono: aseme kopa mbili ikiwa karata zake ni dhaifu, tatu zikiwa na nguvu kiasi, nne zikiwa na nguvu kweli. Asipokuwa nazo, ndipo arudie uru zake au aseme bila turufu, yaani pasiwe na rangi inayokata nyingine. Mama alinifundisha haya jikoni tukichambua maharagwe. "Mwenzako akikuambia kitu, mjibu hicho kwanza," alisema. Ila kuna sheria nyingine. Kati ya wenzi wawili, aliyeitaja kwanza turufu iliyoshinda mnada, au hiyo bila turufu, ndiye hucheza, na mwenzake hulaza karata zake wazi mezani akakaa kimya. Huyo huitwa bubu. Kopa zikiwa turufu, mama ndiye angecheza, na baba angekuwa bubu mbele ya wageni. Wiki nyingi sikuliona jambo hilo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumapili ile nilikaa nyuma ya baba na ushonaji wangu wa shule, nikaziona karata zake. Alikuwa na uru tano nzuri, shupaza mbili tu, na kopa nne, esi, karata kubwa kuliko zote, ikiwemo. Akafungua, "Uru moja." Mama akajibu, "Kopa moja." Nikangoja baba aseme kopa. Baba akasema, "Moja bila turufu." Mama akamtazama kidogo. "Kopa mbili." "Mbili bila turufu." Mvua ilianza kupiga mabati, na mama akapandisha sauti ili asikike vizuri: "Kopa tatu." Baba akatabasamu kwa wageni kama mtu anayemvumilia mtoto. "Tatu bila turufu." Mnada ukaishia hapo, na Makori akatoa shupaza. Makori akatoa shupaza. Wageni wakala duru tano mfululizo kati ya kumi na tatu, na mkono ule wa karata ukaanguka pale pale, baba akiwa hajala hata moja.

Akatupa karata zilizobaki kifudifudi. "Mwanamke huyu hasemi ana nini! Kopa tano, na ameninyima habari!"

"Nimekuambia mara tatu," mama alisema.

"Baba," nikasema, "wewe ulikuwa na nne."

Kofi lilinipata sikioni. Mwalimu Ombati hakunitazama. Alinyoosha mkono, akazipindua karata za baba moja moja, akaziacha kopa nne zikiwa wazi mbele yetu sote. La kuvunda halina ubani. Kisha akasimama, akachukua kofia yake. "Mama Akinyi," alimwambia mama yangu, "mkono huu ulikuwa wako. Tusamehe." Wakaondoka ndani ya mvua ile ile.

Kwa miaka mingi nimetamani kuamini kwamba baba hakuziona. Lakini nilikuwa pale jikoni mama alipomuuliza, na nilisikia jibu: "Niliziona. Ulitaka nikae kimya kama mjinga, wewe ukicheza?" Baba akaichukua pakiti ya karata za buluu, akaisukuma motoni kati ya mafiga. Mama hakuikimbilia. Alikuwa amenishika kichwa, akinikanda sikio kwa maji ya vuguvugu.

Wiki iliyofuata mzee mmoja wa kanisa alikuja kumpongeza baba. Habari ilikuwa imeenea mtaani kwamba Bwana Karani ameteketeza karata, mchezo wa shetani, na kuisafisha nyumba yake. Wakasali. Baba alifumba macho akasema "Amina" kwa sauti kubwa kuliko wote. Mama alileta chai. Hakucheza tena maisha yake yote, na alipofariki, msomaji wa wasifu alisoma kwamba alikuwa mke mtiifu aliyeacha mambo ya dunia kwa mfano wa mumewe. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele. Sikusimama kumsahihisha, na hilo nalo linaniudhi.

Leo wajukuu wangu wa kike hucheza karata na waume zao sebuleni kwangu. Mume akificha alichoshika, huambiwa waziwazi kwamba ni mwongo, akacheka, akagawa upya, na hakuna anayepigwa. Ninapowasimulia ya baba, wananituliza kwa jina letu la nyanya: "Dani, zama zile mambo yalikuwa hivyo." Nakataa. Mwalimu Ombati aliishi zama zile zile, alikaa kwenye meza ile ile, na alikuwa mwanamume vilevile. Yeye aliomba msamaha kwa kosa ambalo hata halikuwa lake.