Siku Tangi Langu Liliponiumbua

Nawasimulia hili kwa aibu, maana kuna watu hapa Gungu mpaka leo wakiniona napita wanajifanya wanakohoa, na mimi najua wanakohoa nini.

Ilikuwa siku ya nne maji ya bomba yamekatika, mtaa mzima. Mimi nina tangi uani, limejaa, na ukuta mrefu unalificha (nilijiona mjanja sana). Asubuhi jirani yangu Mama Riziki akabisha hodi getini, ndoo mkononi. Binti yake alikuwa amejifungua juzi yake tu. Akaniambia kwa ile lafudhi yao ya ng'ambo ya ziwa, "Mama Tatu, unisaidie mayi, ndoo moja tu, mzazi hajaoga tangu jana."

Nikamtazama usoni nikasema, "Jirani, hata kwangu limebaki tope."

Akashukuru, akaondoka. Ile asante iliniuma, ila haikuniuma vya kutosha, maana mchana nilikuwa na sherehe Rusimbi, gauni limeshonwa, na akili yangu yote ilikuwa kwenye kuoga.

Sasa, nikikinga ndoo kwenye koki ya tangi, mlio utasikika hadi kwake. Nikachomeka mpira kwenye koki, nikaupitisha dirisha la bafu, nikafungulia mpaka mwisho. Kimya kabisa. Nikajipaka sabuni kichwani mpaka unyayoni, nikaanza hata kuimba, mara maji yakakatika, huko nje nikasikia shaaa. Mpira umechomoka! Na uani kwangu kumeinamia barabarani, kwa hiyo maji yakapita chini ya geti, yakateremka mbele ya watu ambao siku nne wanaogea kikombe.

Nikajifunga kanga nikatoka mbio, povu machoni, sioni kitu, nikapapasa koki, nikaivuta kwa nguvu zangu zote, ikabaki mkononi. Yaani nimeing'oa. Maji yakanipiga kifuani, nikakaa chini matopeni, na hapo ndipo geti (ambalo nilisahau kulifunga) likasukumwa, wakaingia dereva bodaboda wa pale kona, wauza dagaa wawili, mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili, na mbele yao wote, Mama Riziki.

Hakusema neno kuhusu tope. Aliziba lile tundu kwa kiganja, maji yanamrukia usoni, akasema, "Leteni ndoo, mayi yanapotea."

Mwalimu ndiye aliyeuliza, kwa upole kabisa, "Mama Tatu, kumbe lilikuwa limejaa?"

Nikajipangusa povu kwa ncha ya kanga, likazidi kuingia. Macho yalikuwa yanawaka moto. Ndoo ya kwanza ilipojaa, ile ya kumpelekea mzazi, Mama Riziki akamwachia dereva kazi ya kuziba, akachota jagi moja, akaniambia, "Inama." Akanisafisha macho taratibu, kama anamwosha mtoto. Nililia, na sabuni ilikuwa imeshatoka.

Nikainuka nikasema, kwa sauti ya kusikika barabarani, "Chukueni yote. Asiye na ndoo aje na sufuria." Dereva akachonga kijiti, akakizungushia mfuko wa nailoni, akawa anakichomoa na kukichomeka kama koki, na foleni ikapangika mpaka nje. Mimi nikajitwisha ndoo ya mzazi, na kanga yangu imelowa chapachapa, nikapita nayo katikati ya watu wote. Nilirudi mara tano. Sherehe sikwenda. Nilishinda kwa Mama Riziki nafua nepi, na sikumbuki lini nilikuwa na raha kama ile.

Siku hizi maji yakikatika sisubiri mtu abishe hodi, nazunguka mwenyewe kuuliza nani ana mgonjwa, nani ana mzazi. Na nimeapa, uongo wa maji sitausema tena, hata kwa jirani nisiyepatana naye (yupo mmoja, na juzi kabeba ndoo mbili).