Mkandaji wa Buzebazeba asiyegusa tumbo

Saa moja asubuhi, mwanaume mzima anapiga mayowe uani kwa Skolastika Dismasi, Buzebazeba. Kifundo cha mguu kimeteguka, naye Skolastika anakikanda kwa mawese ya vuguvugu huku akicheka.

“Ulipokuwa unakimbizana na mpira hukulia. Tulia, baba,” anamwambia.

Skolastika, mwenye miaka 53, ambaye majirani humwita Mama Erica, ni mkandaji tangu ujana. Hutoza shilingi elfu tano, na kwa misuli hana mpinzani hadi mitaa ya Mwanga. Anajisifu mwenyewe, bila haya. Ila tumbo la mtu aliyeanguka haligusi, na msimamo huo nusura umharibie jina.

Mwaka jana jirani yake Gervasi, mkata mikungu ya chikichi, alidondoka kutoka juu ya mchikichi, akafikia kisiki kwa ubavu wa kulia. Hakutoka hata tone la damu. Ndugu wakamleta akandwe.

Skolastika aliweka kiganja tu. Tumbo lilikuwa limekaza, na Gervasi alitokwa jasho la baridi.

“Niliogopa. Nikasema huyu si wangu, apelekwe hospitali. Mkewe akanijia juu: ‘Mama Erica, mikono hiyo unamwekea nani?’ Iliniuma! Lakini nikaita bajaji.”

Hospitalini, kipimo cha picha kilionyesha ini limepasuka na damu inavujia ndani. Gervasi alitundikiwa damu pamoja na dawa ya kupunguza uvujaji.

“Mwili huziba kidonda kwa damu iliyoganda. Dawa hii huilinda isiyeyuke mapema, lakini sharti iwahi, ndani ya saa tatu,” anaeleza tabibu Vedasto, aliyempokea. “Angekandwa, tungekuta hiyo damu iliyoganda imebanduka.”

Damu ilikoma bila upasuaji. Gervasi alilala wodini akichungwa, akarudi nyumbani amekonda, ila mzima.

Asubuhi hii naye yupo kwenye foleni, bega linamsumbua. Mkewe, Restituta, amekuja na dumu la mawese.

“Nilimfokea mtu aliyeniokolea mume,” anasema, machozi yakimlengalenga. “Hili dumu ni dogo sana.”

“Basi kesho lete kubwa,” Skolastika anamjibu, na ua mzima unaangua kicheko.

Mpango wake ni kujenga chumba chenye kitanda, mlango na kibao. Rangi ameahidi Gervasi, na maneno ya kibao Skolastika anayo tayari.

“Nitaandika hivi: Aliyeanguka akaumia tumbo, asishuke kwenye bajaji, apitilize hospitali.”