Betri Mbili za Gari la Kaka

Kaka yangu hakuwahi kuwa askari hata siku moja, lakini alianza kutembea kama askari tangu aliponunua landrova ya jeshi kwenye mnada. Mimi nilikuwa na landrova ya kiraia niliyoachiwa na baba. Yalikuwa magari ya miaka ileile, na ukiyaona kwa mbali ungedhani ni mapacha. Kaka alilipaka la kwake rangi ya maziwa ili asisimamishwe kwenye kila kizuizi, ila ukilikwaruza kwa ukucha, kijani kilichungulia. Nyumba zetu hapa Mabawe zinatazamana, kwa hiyo magari nayo yalilala yakitazamana, na sisi tulibishana juu yake karibu kila jioni. Aliniita raia. Nilimwita kamanda.

Langu lilikuwa na viti vya sponji, na paa ambalo halikuvuja sana. La kwake lilikuwa na bampa nene mbele na nyuma, ndoano za kuvutia, swichi ya taa yenye sehemu nyingi ambazo nusu yake hakuna aliyejua kazi yake, na viti vigumu kama benchi la mahakama. Nilimwambia lile si gari, ni adhabu. Alinijibu kwamba masika yakianza nitakuja kumwomba lifti, na kweli nilimwomba zaidi ya mara moja. Mwamuzi wetu alikuwa shemeji, mke wake. Alikuwa akisema langu linambembeleza na la mumewe linamtikisa, lakini la mumewe linafika.

Tofauti nyingine ilikuwa betri. Langu lilikuwa na moja. La kaka lilikuwa na mbili, ndani ya sanduku la chuma katikati ya viti vya mbele. Siku moja alianza kunieleza sababu, nikamkatiza.

"Najua, kamanda. Vitani lazima uwe na ya akiba."

Alicheka, akaachia hapo. Kuuliza si ujinga, tumeimbishwa hivyo tangu shule ya msingi, lakini mimi ni mtu wa kujua kabla sijaambiwa.

Mvua za mwaka ule zilimkuta shemeji na mimba ya miezi minane. Binti yao wa kwanza alikuwa na miaka miwili. Kaka alitakiwa kwenda Nyakahura kuchagua ng'ombe, safari ya siku tatu. Asubuhi ya kuondoka alivuka ua akaniwekea ufunguo mkononi.

"Nipe la kwako, langu libaki," alisema. "Shemeji yako akishikwa na uchungu katika mvua hizi, la kwako litakwama njiani."

"Kwa hiyo unaniachia gari au unaniachia adhabu?"

Hakucheka. "Nakuachia mke wangu," alisema.

Kesho yake wanakwaya wa kanisa letu walinijia. Walikuwa wanakwenda kuimba Bugarama, na betri ya vipaza sauti vyao ilikuwa imekufa. Nilifungua lile sanduku, nikatoa betri moja, nikazifunga kitambaa ncha za waya zilizobaki, nikawapa. Walinishukuru sana. Nilijiona mtu mwema, na nyumbani sikumwambia yeyote.

Siku ya tatu, saa tatu asubuhi, mama yetu aliniita kutoka nyumba ya kaka. Shemeji alikuwa anatoka damu. Nilikimbilia gari nikawasha. Halikutoa hata mlio. Taa nazo hazikuwaka. Majirani walikuja tukalisukuma kwenye mteremko ili liwake kwa kushtuliwa, likateremka kimya hadi chini, likasimama. Hapo ndipo nilipoelewa. Zile hazikuwa betri moja na akiba yake. Umeme wa moja ulipitia nyingine. Zilikuwa kama maksai wawili wa jembe moja, zinavuta pamoja, na mimi nilikuwa nimemfungua mmoja nikamtoa shambani.

Mwenye teksi ninayemfahamu alikuwa na abiria mbali. Kwenye pikipiki shemeji hangeweza kukaa. Nilipanda bodaboda mwenyewe hadi Bugarama.

Sasa niseme jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Nje ya kanisa walikofikia wanakwaya, kando ya barabara, kulikuwa na pikapu imesimama, na dereva wake amekaa kibandani anakunywa chai. Nilimpita. Ningeweza kumwambia kuna mgonjwa, naye angeinuka, kwa sababu watu wa huku huinuka. Sikumwambia kwa kuwa nilikuwa nawaza betri. Nilitaka irudi mahali pake kabla mtu hajajua kwamba niliitoa. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilificha wangu, na asiyezaa akawa mwingine.

Niliichukua betri kwa wanakwaya, nikairudisha kwenye sanduku, nikafunga waya, gari likawaka mara moja. Tulimbeba shemeji ndani ya blanketi. Barabara ilikuwa tope tupu, na lile gari halikuteleza hata mara moja. Njiani aliniuliza kama kaka ameambiwa. Nikasema ameambiwa, anakuja. Sikuwa nimempigia.

Daktari alituambia damu ilikuwa imemwishia mno kabla hatujafika. Alifariki mchana uleule, yeye na mtoto tumboni.

Kaka alifika na gari langu limejaa tope hadi madirishani. Alinishika mabega, akauliza kitu kimoja tu.

"Kwa nini mlichelewa?"

"Lilikataa kuwaka."

Maneno mawili. Aliyakubali palepale. Baada ya matanga nilimkuta ameinama juu ya lile sanduku, anazitazama betri zote mbili zikiwa mahali pake, na sikuweza kumsogelea. Jioni ile aliniambia kwamba nilikuwa nasema kweli miaka yote, lile si gari, na kwamba yeye ndiye aliyemuua mkewe kwa ubishi wake. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilimwambia asijilaumu. Gari alimwuzia mtu wa vyuma chakavu, akasimama barabarani akitazama likivutwa.

Miaka imepita. Hatubishani tena juu ya magari. Hajaoa. Binti yake sasa yuko darasa la nne, ana macho ya mama yake. Juzi walivuna maharage ya kwanza, na mtoto akavuka ua akiwa ameshika bakuli lililofunikwa kwa sahani.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba amesema uanze kula wewe kabla yetu. Amesema wewe ndiye uliyembeba mama mpaka hospitali, nikushukuru."

Alipiga goti kidogo, kama alivyofundishwa, kisha akakaa kwenye kizingiti kusubiri bakuli. Nilikula maharage yale yote, na yeye ananitazama.