Zulia la Buluu Chini ya Kabati

Miaka sita Kuluthumu alifagia ukumbi wa mapokezi wa jengo moja la ofisi, Dodoma mjini, akijua kwamba zulia lake ni la rangi ya udongo. Ungemwambia vinginevyo angekucheka. Makarani walilijua hivyo, wanafunzi waliofuata mihuri walilijua hivyo, hata wazee waliotoka Mtera na bahasha zao. Viatu mia tatu na ushei kwa siku, na vumbi la Dodoma halimwogopi mtu.

Kila asubuhi, kabla hajashika ufagio, alinyunyiza maji kwa kiganja, kama mama yake alivyomfundisha uwanjani kwao Kondoa. Vumbi linatulia, unafagia kwa raha. Watu walimsifu kwa usafi, naye akazidi kunyunyiza.

Basi Ijumaa moja Anjelina, msimamizi wa jengo, akaja na fundi wa vigae, Fabian, kupima sakafu.

"Shikamoo mama," Anjelina alisema, macho pembeni. "Zulia tunaling'oa Jumatatu. Limechoka. Tunaweka vigae, navyo vitasafishwa na kampuni."

"Marahaba, mwanangu," Kuluthumu aliitikia. Kampuni huja na watu wake. Kazi imekwisha.

Fabian akasukuma kabati la mafaili ili afikishe futi yake ukutani. Chini ya kabati, zulia lilikuwa la buluu. Buluu iliyokolea, yenye maua madogo ya manjano. Kuluthumu alijikuta amepiga magoti. Mungu wangu, miaka sita yote anapita juu ya maua! Alipapasa hapo, laini. Akapapasa pembeni, ufagio wake ulipofika, gumu kama uwanja uliopigwa jua baada ya mvua. Palepale akaelewa. Lile lilikuwa tope, na aliyelikanda ni yeye, kiganja kwa kiganja.

Angeweza kunyamaza, nani angejua? Lakini mama huyu kunyamaza hakuwezi.

"Zulia halijachoka, mwanangu. Nimeliharibu mimi kwa maji yangu." Akaeleza yote. "Nipe Jumamosi na Jumapili, na ile mashine ya kufyonza vumbi na maji mliyoifungia stoo."

Anjelina akamgeukia Fabian. Fabian, aliyekuja kutafuta kazi ya vigae, bado alikuwa ameduwaa mbele ya maua. "Mpe," alisema.

Jumamosi nzima Kuluthumu hakugusa maji. Alisugua kwa brashi kavu, akafyonza, akasugua tena, akafyonza tena. Mfuko wa mashine ulijaa mara tisa, na kila alipoumwaga nje aliushangaa ule udongo, ungetosha tuta la viazi. Jumapili ndipo akaleta maji ya sabuni, kidogo kidogo, akiyafyonza kabla hayajazama. Ua moja likatokea. La pili. Mlangoni, miguu inapobanana, maua yalichelewa sana, naye akayabembeleza kama watoto wagonjwa. Yalipojitokeza alilia kwa sauti, peke yake ukumbini, wala hakuona haya.

Jumatatu Anjelina alifika mlangoni, asivuke. Kando yake mzee mmoja wa Mtera alikuwa anavua kandambili. Anjelina akamtazama, akainama, akavua viatu vyake pia. Kisha akatoa simu.

"Fundi, vigae basi," alisema. Akamgeukia Kuluthumu. "Mama, tukanyage wapi sasa?"

"Popote. Tena vaeni viatu vyenu," Kuluthumu alisema, brashi kavu mkononi. "Nitasafisha. Si nipo?"