Jinsi Nilivyozifanya Simu Mbili Kuwa Mapasa

Miaka ile vita vilipofunga barabara za kwetu Kivu, mimi nilikuwa nauza vitenge Makiso, katikati ya Kisangani, na nilikuwa mtaalamu wa bluetooth. Cheo hicho nilijipa mwenyewe. Simu yangu ilijaa nyimbo za kwaya, nikiwagawia wateja bure, wakinisifu, kichwa kikivimba.

Asubuhi moja mama mmoja akashuka kwenye baiskeli ya toleka, ile ya kubeba abiria, mbele ya meza yangu. Alikuwa ametoka kijijini kwetu kwa lori lililopenya njia za msituni, na sasa alikuwa anaelekea bandarini kupanda mtumbwi wa injini amfuate binti yake Isangi. Mama yangu alikuwa amebaki kule. Mnara wa simu ulikuwa umeharibiwa, na kwa miezi mingi sikuwa nimeisikia sauti yake.

"Mama yako aliongea mu telefone yangu," akasema. "Nilimushikia sauti. Sikiliza."

Alikuwa amemrekodi. Mtu mwenye akili angesikiliza. Mimi nikamwambia angoje. Spika ya simu yake ilikuwa inakoroma, nikaona ni aibu mama yangu asikike hivyo. Nitaihamishia sauti kwangu, niisikilize nyumbani kwa raha zangu. Nikachukua simu zote mbili na kuanza kutoa somo. Kioo kikaandika "jumeler".

"Ile maana yake nini?"

"Tunafanya telefone zetu zikuwe mapasa, mama."

Hapo nilijichongea. Mama huyu alikuwa amezaa mapasa, yaani mapacha, na aliyezaa mapasa hachezi na neno hilo.

"Bon. Kama iko mapasa, ukipatia moja, unapatia na ya pili. Ya kwako inapata sauti ya mama. Ya kwangu inapata nini? Itakasirika, itagonjwa."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Basi nikakubali simu yake itangulie kupokea zawadi. Wimbo mfupi ungetosha kabisa. Nikachagua mrefu kuliko zote, kwa sababu ndani yake nilikuwa nimeimba ubeti mzima peke yangu.

Simu yake ikalalamika kwa Kifaransa: imejaa, futa kitu. Yeye hakujua kusoma Kifaransa. Mimi nilijua, na nilijivunia kujua huko. Nikaona "Son 014", yaani "Sauti 014", nikasema hili si jina la kitu cha maana, nikabonyeza "oui", ndiyo. Wimbo wangu ukapita vizuri sana. Ndipo nikamuuliza sauti ya mama iko wapi.

Tulitafuta kila mahali. Nilirudia kutafuta nilikokwisha kutafuta, kisha nikakaa juu ya marobota yangu, moyo ukiniuma kweli. Mjinga kama mimi hakuwepo Kisangani nzima.

Yule mama aliitazama simu, akanitazama mimi. "Ulifuta mama yako," akasema, "ukatia weye mwenyewe."

Nilidhani ataondoka, mtumbwi haumngoji mtu. Lakini aliweka mfuko wake chini.

"Kila fasi lori ilikwama, nilikuwa naisikiliza. Ilikuwa inanipa nguvu. Washa ya kwako."

Nikawasha kinasa sauti. Akakaza kitambaa chake kichwani, akakohoa kidogo kama mama yangu anavyokohoa, akasema polepole: "Mutoto yangu. Miye mama yako. Niko. Mbuzi tuliuzisha, usiulize juu yake. Usikuye huku, njia iko mubaya. Unakulaka? Usinidanganye."

Akabeba mfuko wake, akaenda bandarini.

Barabara ilipofunguliwa, nilikuta mama yangu ameshazikwa. Sauti yake sina. Ninapotaka kumsikiliza, mwanamke mwingine ndiye anayeniambia, "Miye mama yako," nami namjibu kwa sauti, hata wateja wakiwepo, "Ndiyo, mama."