Ukurasa wa Pili wa Tanzia ya Kalinga

Naona aibu hata pa kuanzia, lakini kwa kuwa nusu ya mtaa wetu wa Area D, hapa Dodoma, wameshaisimulia habari hii kwa namna zao, na wengine wameitia chumvi mpaka hailiki, bora niisimulie mwenyewe niliyeipika. Kosa langu la kwanza lilikuwa kusema "nitasoma". Siku ile Mama Shirima, mwenyekiti wa chama chetu cha kuzikana, alipokuja kwangu akakaa barazani kwenye kiti cha plastiki, akamaliza chai ndipo akasema lililomleta, ningemjibu tu, "Mwenyekiti, mimi nimezeeka, mpeni mwingine," leo ningekuwa mtu mwenye heshima zake.

Mimi ndiye niliyekuwa katibu wa chama hicho tangu nistaafu kazi yangu ya masjala. Na katibu wa chama cha kuzikana ana kazi moja kubwa, mtu akifa unaandika tanzia. Nilikuwa nikiandika kwa mkono, kwa kalamu ya wino mzito kwenye karatasi ya manila, nabandika moja dukani na moja kituo cha bajaji, na mwandiko wangu (niacheni nijisifu kidogo, nimebakiwa na machache ya kujisifia) ulisomeka hata na mtu aliye ndani ya bajaji inayokwenda. Tanzia yangu ikishabandikwa hakuna aliyeuliza mara mbili. Maturubai yalitoka, viti vilitoka, masufuria yalitoka. Watoto wa mtaa walinisalimia "Shikamoo Katibu," na sidhani kama wengi wao walijua kwamba nina jina, naitwa Chilongani.

"Katibu," Mama Shirima akasema, "vijana wanalalamika. Wanataka tanzia iingie kwenye simu, imechapwa, ina picha ya marehemu. Kuna kozi ya mtandaoni ya kompyuta za ofisini, ya watu wanaoanza. Utasoma, au tumpe mtu mwingine kazi hiyo?"

Hilo la "mtu mwingine" ndilo lililonimaliza. Nilimaliza kidato cha nne enzi ambazo mtu wa kidato cha nne akipita kijijini kwetu watu walisimama kumtazama, sasa leo nishindwe na kitu kinachofundishwa hata kwa watoto? Nikasema nitasoma.

Binti yangu Joyce akaniachia kompyuta yake ya kupakata, akanionyesha namna ya kuichotea mtandao kutoka kwenye simu yangu, akaondoka zake. Darasa lilikuwa Jumamosi mchana. Mwalimu wetu, binti mmoja aitwaye Neema, alifundisha akiwa Mwanza, na wanafunzi tulitapakaa nchi nzima, huyu karani, yule ana duka, na mkubwa kwa umri nilikuwa mimi, tena kwa mbali sana. Hapo ndipo palikuwa na tabu, maana kila aliyeingia akiona uso wangu kwenye kioo anasema shikamoo mzee, na mimi sikulelewa kuiacha shikamoo ya mtu ikining'inia, najibu marahaba, hujambo, za huko, wazee hawajambo, mvua je, kabla hatujamaliza anaingia mwingine, na somo halijaanza. Mwisho mwalimu akaniomba kwa unyenyekevu, "Mzee wangu, shikamoo. Nakuomba utoe marahaba moja ya jumla, ili tuanze."

Nikatoa marahaba ya jumla, tukaanza.

Nisiseme uongo, nilikipenda kile kitu. Kukoleza herufi, kuzikuza, kuzisogeza katikati ya karatasi, na zaidi ya vyote nilipenda kile kitufe cha kurudisha nyuma kosa, unakosea, unakibonyeza, kosa linaondoka kama halikuwahi kuwepo. Nilikuwa nakosea makusudi nipate kukibonyeza.

Basi mwalimu akatupa kazi ya nyumbani. Tuandike tangazo, liwe na kichwa kikubwa, picha, mstari chini ya jina, na sahihi ya mtoaji na cheo chake. Mimi tangazo ninalolijua maisha yangu yote ni tanzia. Lakini tanzia ya nani? Aliyekwisha kufa huwezi kumwua tena, na mtu mzima hai ukimwandikia tanzia umemwapiza. Isipokuwa mtu mmoja tu, naye ni mtani wako.

Mtani wangu ni Mzee Kalinga, Mhehe wa Iringa, nyumba yake ni ya pili kutoka kwangu. Mimi Mgogo. Nani asiyejua utani wa Wahehe na Wagogo, wao wakisemwa kwa kula mbwa na sisi kwa kuomba? Tulifanya kazi ofisi moja, tukastaafu pamoja, na kila asubuhi ananiita kwa juu ya ukuta, "Chilongani, umeshatoka kuomba, au leo ni sikukuu ya ombaomba?" na mimi namuuliza kama mbwa wake wawili bado wapo au ameshawatia kwenye sufuria. Ndivyo tulivyo. Nikifa mimi, ndiye atakayekuja kulala mbele ya jeneza azuie mazishi mpaka apewe kitu, na hiyo ni haki yake.

Nikaandika. TANZIA. Kwa masikitiko makubwa, chama kinawatangazia wanachama kifo cha Mzee Kalinga, msiba uko nyumbani kwake Area D. Nikaweka picha yake aliyopigwa harusini, kavaa tai. Nikaweka jina langu, Katibu. Kisha nikaongeza utani wenyewe, kwamba marehemu ameacha mbwa wawili, ambao wamezipokea habari hizi kwa furaha kubwa, na kwamba Wagogo wote wanaombwa kuja na vyombo vya kubebea mabaki ya chakula. Nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akachungulia. Ila kwa kuwa kichwa nilikuwa nimekikuza kama boga (nani angenizuia?), na picha nayo nimeipa nafasi ya kutosha, sahihi ikakaa mwisho wa ukurasa wa kwanza, na utani wote ukaangukia ukurasa wa pili.

Jumamosi ya mwisho mwalimu akaonyesha kazi zetu mbele ya darasa, ukurasa wa kwanza wa kila mtu. Ya kwangu ilipotokea akaisoma mpaka kwenye sahihi.

"Mzee Chilongani," akasema, "kwa mpangilio, hii ndiyo kazi bora ya darasa zima. Na pole sana, mzee wangu. Umefiwa na bado umekuja darasani."

Kabla sijafungua mdomo, pole zikaanza kumiminika. Raha ya milele umpe ee Bwana. Inna lillahi. Jipe moyo baba. Dada mmoja aitwaye Zuhura, ambaye naye alikuwa Dodoma hapahapa, akafuta machozi kwa ncha ya ushungi. Kisha mwalimu akatuomba tusimame kwa dakika moja, na darasa zima likasimama, wengine nikaona viuno tu.

Ningeweza kusema. Sentensi moja ingetosha: jamani, mtu huyu yu hai, yuko kwake anakula ndizi. Lakini ndiyo kwanza nimeitwa bora wa darasa, kidato cha nne changu kimeanza kung'aa upya, na niliona haya kuwaambia watu waliosimama kwamba wamemsimamia mtu mzima wa afya. Nikainamisha kichwa, nikasema, "Asanteni wanangu. Kazi ya Mungu haina makosa."

Mtihani wa mwisho ulifuata palepale. Mwalimu akasema mtu asipokee simu, basi nikaifanya simu yangu bubu, nikailaza kifudifudi iendelee kutoa mtandao, nikafunga mlango kwa komeo. Kumbe Zuhura mama yake ni mwanachama wetu. Kwa nia njema kabisa alikuwa ameupiga picha ukurasa ule kwenye kioo akamtumia mama yake, na mama akaitupa kwenye grupu la chama. Jina la Katibu lipo, cheo kipo. Nani angebisha? Na hakuna aliyekuja kunigongea, maana hebu fikirini wenyewe, nani huenda kumwarifu mtoa tanzia kwamba kuna msiba?

Mimi huko chumbani najumlisha safu za namba na kuchora duara la rangi. Nikamaliza, kioo kikaniambia nimefaulu. Nikavaa kofia yangu nikatoka kwenda kwa Kalinga nimweleze mkasa wote tucheke, njiani natabasamu peke yangu kama mwendawazimu.

Nikakuta turubai.

Turubai mbele ya lango la Kalinga, viti vimepangwa, wanaume wameinamisha vichwa, akina mama wanachambua mchele, na Bi Mwajuma, ambaye hakuna msiba wetu uliowahi kupikwa bila yeye, kasimama juu ya sufuria na mwiko wake. Kulikuwa na watu waliotoka mpaka Zuzu, nje ya mji. Mke wangu alikuwa amekaa mkekani, kajifunga khanga kiunoni.

"Umechelewa," akaniambia bila kunitazama.

"Nani kafa?"

"Unaniuliza mimi? Wewe si ndiye uliyeandika?"

Akilini mwangu hamkuwa na jambo jingine ila kwamba nimemwandika Kalinga, nimekubali pole, nimesema kazi ya Mungu haina makosa, na Mungu amesikia akaifanya. Niliingia ndani nikijigonga kwenye milango. Sebuleni alikuwa amelazwa kwenye godoro, kafunikwa shuka jeupe kutoka kichwani, na pembeni wamekaa Mama Shirima na wazee wawili wa chama.

Nilianguka magotini nikalia, na sisemi kulia kwa wanaume, nasema kulia. "Kalinga, ndugu yangu, nilikuwa nakutania. Nimekuua kwa kompyuta. Nilitaka maksi tu. Walinipa pole nikazipokea, nisamehe. Na yule jogoo wako aliyepotea sikukuu ile, hakuliwa na nguchiro, nilimla mimi, alikuja mwenyewe akaruka ukuta, nisamehe na hilo."

Chini ya shuka sauti ikasema, "Kamwene, Katibu."

Ni salamu ya kwao. Ameniamkia nayo miaka mingi, na bado nilirudi kinyumenyume mpaka nikakalia stuli ikavunjika.

"La jogoo nilikuwa nalijua," Kalinga akaendelea, akiinuka na shuka lake. "Manyoya yalikuwa upande wako. Nilikuwa nangoja nife ndipo ukiri, maana Mgogo hasemi kweli kwa mtu anayeweza kujibu."

Nyumba nzima ikapasuka kwa kicheko, na nje wakaitikia, maana walikuwa wamebana madirishani. Kumbe waliobeba turubai walipofika, aliyewafungulia lango ni marehemu mwenyewe. Aliwauliza nani kafa, wakatazamana, akaiomba simu, akasoma, akaona jina langu. Akawaambia, "Fungeni turubai, pikeni. Muuaji atakuja mwenyewe." Mke wangu naye alijua. Wote walijua. Pilau ikaliwa, Kalinga akakaa meza ya mbele akipokea pole za kifo chake, na mimi kwa sheria ya utani nikaamriwa kuosha masufuria yote. Mbwa wake wawili walikaa wakinitazama nikisugua.

Nami nilicheka. Aliyekuwa hacheki ni Mama Shirima peke yake. "Katibu," aliniambia akichukua pochi yake, "watu wamefunga maduka leo kwa jina lako." Nikamwonyesha ukurasa wa pili kwenye simu, ili aone kwamba palikuwa na mzaha wa wazi. Aliusoma wote, akanirudishia simu; nami nikautupa kwenye grupu ili na wengine wauone.

Nilidhani yameishia hapo. Cheti kilikuja, nikakitundika. Halafu, kabla mvua hazijaanza, Bi Mwajuma akafa, ghafla, asubuhi, na familia ikataka azikwe siku ileile baada ya sala ya adhuhuri, kama ilivyo kwao. Nikaandika tanzia yake kwa kompyuta, vizuri, kwa ukurasa mmoja, nikaituma kwenye grupu. Majibu yakaja. Vicheko. "Katibu, ukurasa wa pili uko wapi?" "Safari hii ni zamu ya Bi Mwajuma?" "Mwambieni atupikie kabisa." Niliandika kwamba ni kweli, wakacheka zaidi. Nilipiga simu mmojammoja, nikatoka kwa miguu nikigonga milango, na kile kitufe changu cha kurudisha nyuma, niseme tu kwamba nilikikumbuka sana siku ile. Waliponiamini, wengi walikuta udongo umeshafukiwa. Mwanamke aliyepika misiba yetu yote alizikwa na watu wachache kiasi kwamba ilibidi wapita njia waombwe kubeba jeneza.

Kwenye kikao cha chama sikujitetea. Wakamchagua Kalinga awe katibu. Yeye hana kozi wala cheti, anaandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye manila, mwandiko wake kama kuku kapita kwenye tope, na akibandika hakuna anayeuliza mara mbili. Mtaani wanasema tanzia zetu siku hizi huandikwa na marehemu.

Kwa hiyo, mkiona mzee kakaa barazani na kompyuta, mwacheni asome, elimu haina ubaya, ila mwambieni akipewa pole isiyo yake airudishe palepale. Mimi sikuirudisha. Ilinigharimu ukatibu, na watoto wa mtaa sasa wananisalimia "Shikamoo babu". Na ilimgharimu Bi Mwajuma mazishi yake.