Utepe Mweusi Kando ya Wengu

Ile mashine ilipofika hospitalini kwetu, nilipima kila tumbo lililokaa mbele yangu. Nilimpima mlinzi, nikampima mpishi, nikampima muuguzi wa zamu hadi akawa ananikimbia. Nilikuwa tabibu kijana, binti wa wakulima wa Masakta, na nilikuwa sijawahi kukabidhiwa kitu kizuri namna ile. Ultrasaundi tuliyoizoea ilikaa kliniki ya wajawazito, kubwa kama kabati, na haikuguswa bila ruhusa. Hii mpya ilibebeka kama begi la shule. Unaipeleka kitandani kwa mgonjwa, unampaka jeli, unaweka kichwa cha mashine tumboni, na ndani ya mtu panaonekana!

Ilikuja na utafiti. Mkoa wetu wa Manyara ulikuwa bado mchanga, biashara zilikuwa zimefunguka, na pikipiki ziliingia Hanang na Mbulu kwa wingi kuliko barabara zetu zilivyoweza kuzipokea. Majeruhi wakaongezeka. Watafiti walitaka kujua kama sisi matabibu wa wilayani, tusio mabingwa wa picha, tunaweza kuiona damu iliyovuja tumboni kabla mgonjwa hajazidiwa. Mkufunzi alitufundisha siku tatu, akatuachia mashine na rundo la fomu. Damu, alisema, huonekana nyeusi. Itafuteni kati ya ini na figo, kati ya wengu, yaani bandama, na figo, na nyuma ya kibofu.

Nikaitafuta. Aliyeanguka na pikipiki Mogitu: haipo. Aliyeporomoka na gunia la mahindi darini: haipo. Wiki zikapita naandika haipo, haipo, mpaka nikaanza kununa. Nasema ukweli, ingawa si mzuri: nilitamani iwepo. Sikumtakia mtu mabaya. Nilitaka tu kuiona.

Ndipo akaja mzee wa Gendabi.

Alikuja na mkewe na jirani yao, mkulima aliyewapakia wote wawili kwenye pikipiki yake. Mzee alikuwa mfugaji, lubega begani, fimbo mkononi, akatembea mwenyewe mpaka kwenye benchi. Asubuhi ile dume lake la ng'ombe lilikuwa limembana kwenye mlango wa zizi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kwenu wazima?"

"Wazima. Unaumwa kiasi gani? Sifuri ni huumwi kabisa, kumi ni maumivu ya kupita yote."

"Siumwi."

"Hata kidogo?"

"Nimekuja kwa sababu huyu mama amekataa kunyamaza."

Nikaandika sifuri. Hapo ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe lilikuwa la kikwetu kabisa. Sisi wakulima wa huku juu, mtu akijikata na jembe, kata nzima inajua kabla damu haijakauka. Wafugaji wa uwandani wamelelewa vingine: mwanaume hatangazi maumivu. Tumeishi nao miaka yote, tumeuziana mahindi na maziwa, na bado nikamsoma mzee yule kama ninavyomsoma baba yangu. Nilikuwa nimekwisha kuandika akapumzike nyumbani.

Kilichomzuia kuondoka ni kanuni ya utafiti tu. Kila aliyeumia tumbo ilikuwa lazima apimwe, basi nikaivuta mashine.

"Hiyo si ya wajawazito?" mzee akauliza.

"Hata wanaume wanapimwa, mzee."

"Wenzangu wakisikia nimepimwa mimba, nitakaa wapi?"

Benchi zima likacheka. Mkewe hakucheka. Alikuwa mama mwembamba, mnyamavu, na ilipofika zamu yake ya kusema alisema mara moja. "Ng'ombe amempiga tumboni. Mdomo umebaki mzima. Usimsikilize, mpime."

Mzee akalala kitandani. Upande wa kulia, kati ya ini na figo, haipo. Nikahamia kushoto bila matumaini, nikainamisha mkono kidogo, na kando ya wengu ukatokea utepe mweusi, mwembamba kama kamba ya kiatu. Nikasogeza mkono, ukapotea. Nikarudi, ukarudi. Nikasahau nilipo.

"Ipo! Nimeiona! Ipo!" Nikapiga makofi, jeli ikaruka mpaka kwenye shuka.

Mkewe akainuka, uso umemng'aa, akanishika mikono yote miwili. "Asante, mwanangu. Asante sana." Jirani naye akawa anacheka kwa furaha. Mzee akaanza kuipapasa fimbo yake chini ya kitanda.

"Kumbe kuzuri," akasema. "Twende, ng'ombe hawajanywa maji."

Sijawahi kuona aibu kama ile. "Hapana, mama," nikamwambia. "Nilichokiona ni damu. Inavuja ndani. Akienda nyumbani sasa hivi, anaweza kufia njiani."

Akaniachia mikono. "Sasa ulikuwa unafurahia nini?"

Nilikimbia kumwita daktari.

Daktari wetu alikuwa mtu wa makini, na makini yake siku ile nusura initoe machozi. Akabonyeza tumbo: laini. Akapima presha: nzuri. Akasoma fomu.

"Wewe mwenyewe umeandika maumivu sifuri."

"Nimekosea, daktari. Nilimwamini."

"Na umeshawahi kuiona damu kwa mashine hii?"

"Leo ndiyo mara ya kwanza."

"Nikimpasua nikakuta hakuna kitu, nani atamweleza huyu mama?"

"Mimi."

Akanitazama, kisha akaamua tusubiri nusu saa, tupime tena. Mzee akawekewa dripu. Nilikaa kando ya kitanda nikihesabu mapigo yake, na kila nilipohesabu yalikuwa yamepanda. Nikamwomba kimoyomoyo ageuke, agune, aseme tu anaumwa ili daktari aniamini. Jasho likamtoka kwenye paji la uso.

"Mzee, vipi sasa?"

"Joto tu."

Nusu saa ilipotimia nikaweka tena kichwa cha mashine palepale. Utepe ulikuwa umenenepa, upana wa vidole viwili. Safari hii sikupiga makofi. Daktari aliinama akaangalia mwenyewe, akahesabu mapigo, akanyooka. "Andaeni chumba cha upasuaji."

Damu ya mke haikulingana na ya mzee. Ya jirani, mkulima, ikalingana, akatoa chupa nzima huku amefumba macho, akilalamika sindano tangu mwanzo hadi mwisho. Nami nikasimama nje ya mlango wa upasuaji na yule mama. Furaha yote ilikuwa imegeuka hofu: labda nimeona kivuli, labda nimemtuma mzima kwenye kisu. Daktari alipotoka, barakoa ikiwa imeshushwa shingoni, aliniangalia mimi kwanza.

"Wengu ulipasuka," akasema. "Palepale uliponionyesha. Tumeutoa. Tungechelewa kidogo, tungempoteza."

Niliruka, kweli niliruka kama mtoto, nikamkumbatia yule mama kabla sijafikiri kama ataniruhusu. Alisimama wima mikononi mwangu, kisha akanipigapiga mgongoni mara mbili, taratibu.

Fomu haikuishia hapo. Siku ya saba ilitakiwa kumuuliza ndugu wa karibu swali la mwisho, tena kwa maneno yaleyale yaliyochapwa, bila kuongeza wala kupunguza. Niliwakuta nje ya wodi wamekaa juani. Mzee alikuwa anakunywa uji na kumgombeza mkewe kwamba ng'ombe waliachiwa mtu asiyejua malisho. Nilijua ni upuuzi, lakini kanuni ni kanuni. Nikachuchumaa mbele ya yule mama, nikasoma.

"Je, majeruhi yu hai?"

Mzee akacheka mpaka akajishika mshono. "Mwambie nimekufa, nimekuja kunywa uji!"

Mkewe akamgeukia. Akamtazama usoni, akatazama mkono wake ulioshika kikombe, akamtazama tena. Mama yule ambaye siku nzima ya upasuaji hakudondosha hata chozi moja, akavuta shuka lake mdomoni, na mabega yakaanza kutikisika. Mzee akaacha kucheka, akaweka kikombe chini.

"Yuko," akasema mama. "Andika. Yuko."